Nilipimwa Wusi, Nikahukumiwa Voi

Jumanne

Eti nimezembea. Kocha Mwakio amenisema mbele ya timu nzima ya riadha, ameshika ile saa ya kupima mapigo kama ushahidi wa kortini.

"Mwezi jana, kwa mwendo huu huu wa polepole, moyo wako ulipiga mia na arobaini. Leo mia na hamsini na nane. Huko kwenu ulikuwa unalala tu?"

Sikulala. Mwezi jana alinipima Wusi, kwetu milimani kwenye baridi, asubuhi, ukungu bado uko kwenye mahindi. Leo amenipima Voi saa nane mchana. Kwenye joto, moyo unasukuma damu miguuni na bado unahangaika kupoza mwili. Nikamweleza. Akasema wenzangu pia walikuwa juani. Wenzangu wamekulia kwenye joto hili, mimi nimeteremka juzi.

Naogopa, sitajidanganya. Akinitoa kwenye timu, sijui nitamwambia mama nini.

Lakini kuomba msamaha, hapana. Nilimwambia anipime tena kesho alfajiri, kabla ya jua. "Ama tungoje saa nane, kocha, tukimbie sisi wawili, na moyo wako pia tuupime."



Amesema atakuja alfajiri.