Chumba Chako na Mama Seth wa Mwembe Tayari

Kibokoni, Mji wa Kale,
Mombasa.
Jumamosi, 14 Juni 2025

Mpendwa kaka Kyalo,

Salamu nyingi kutoka kisiwani. Hali yako? Kifua kimeachilia? Wifi Kate alinieleza kwamba huko Doha baridi ya mashine ya kupoza hewa inakuumiza kuliko joto lenyewe, nikacheka, maana ni wewe uliyekuwa ukililalamikia jasho la Mombasa. Sisi tu wazima, tunamshukuru Mungu. Mama yuko Mutomo, goti linamsumbua lakini mdomo haumsumbui hata kidogo.

Barua hii anakuletea Dancan, anayesafiri kuja huko Jumatano. Ningeweza kupiga simu, lakini nakujua: nikianza jambo zito unasema uko kazini, utanipigia baadaye. Karatasi huwezi kuikatia. Nimeianza tangu asubuhi, nikaiacha nikaenda kufua, nikarudi, nikainuka tena. Nguo zimo kwenye beseni, hata sijaanika.

Jambo lenyewe ni chumba chako cha hapa nyumbani. Tulia, usianze kufoka. Kitanda bado kimo ndani ya nailoni yake, kabati halijaguswa, na ufunguo ninao mimi. Ila nataka mtu alale humo, na mtu mwenyewe humjui.

Anaitwa Mama Seth, Mtaita, umri wake kama wa mama. Miaka mingi alifanya kazi ya nyumbani kwa familia moja kule Tudor, akilala chumba cha uani. Wenye nyumba walipofariki, jamaa yao mmoja akamwambia abaki, kisha watoto wakauza, naye akaambiwa atoke. Seth mwanawe alifuatana na malori ya Kongo na hajasikika tena. Sasa mama huyo analala Mwembe Tayari, kwenye baraza ya duka lililofungwa, mabasi ya bara yakinguruma mbele yake.

Mwaka jana alijiunga na jumuiya yetu ndogo ya kanisa. Unajua utaratibu wetu: kila Alhamisi jioni tunasali nyumbani kwa mmoja wetu kwa zamu, na mwenye nyumba hutandika kitambaa cheupe, huwasha mshumaa na kutuandalia chai. Mwenyekiti ni Crispus, yule anayeshughulikia mizigo bandarini Kilindini. Ni mtu mwema, ila hupenda kila kitu kiende kama karatasi za forodha. Kila zamu ilipomfikia Mama Seth, Crispus alikuwa akisema, "Mama Seth apumzike," nasi wote tukitazama sakafu.

Basi siku moja mwezi uliopita tukasoma ile Injili ya mfalme anayewaambia watu kwamba alikuwa mgeni na wakamkaribisha, nao hawakumbuki ni lini. Tuliifafanua, kaka, ungetusikia. Mimi mwenyewe nilisema maneno marefu kuhusu Kristo aliye ndani ya mtu asiye na pa kulala, watu wakaitikia kwa vichwa. Mama Seth alikuwa ameketi karibu yangu, mfuko wake wa nguo chini ya kiti.

Crispus akauliza wiki ijayo tuko kwa nani. Mmoja akasema ana wageni, mwingine nyumba yake inapakwa rangi. Ndipo Mama Seth akasema, "Karibuni kwangu."

Crispus akajaribu kuokoa mambo, akasema tungeweza kukutana ukumbi wa parokia kwa jina lake. Mama Seth akamjibu kwa upole tu: "Mwenyekiti, jumuiya huenda pale mtu anapolala. Mimi nalala Mwembe Tayari."

Tukaenda. Alikuwa ameifagia baraza na kuimwagia maji, ametandaza maboksi ya kukalia, na juu ya debe ameweka leso nyeupe na mshumaa ndani ya chupa ya soda. Chai alikopeshwa na Thoya, muuza chai wa pale stendi, pamoja na vikombe. Tukasali huku makanga wakiita abiria wa Voi, na wapita njia wakisimama kututazama. Nilikuwa na haya, sitakuficha. Nilivuta mtandio mbele ili wafanyakazi wenzangu wasinitambue.

Sasa Crispus ana sala yake ya kufunga, ile anayoisema kila nyumba, ameizoea hata haifikirii tena. Akafumba macho akaanza: "Bwana, bariki nyumba hii. Bariki kuta zake, bariki paa lake, bariki mlango wake..." Hapo akafumbua macho.

Hakuna aliyejua atazame wapi. Mama Seth alikuwa ameinamisha kichwa. Akasema "Amina" kwa sauti, akangoja aendelee. Crispus hakuweza kuendelea, ikabidi mtu aanzishe wimbo.

Njiani tukirudi Crispus alipendekeza tumnunulie blanketi zito. Wote tukakubali, na mimi nikiwemo, tena haraka. Halafu nikafika nyumbani, nikapita mbele ya chumba chako nikielekea jikoni, na hasira ikanipanda. Sijui nilimkasirikia nani hasa, Crispus, mimi mwenyewe, au wewe na kitanda chako. Tangu siku hiyo kila nikienda kupika napita hapo, na chakula nakila bila kukisikia ladha.

Na sasa lile duka limepata mpangaji. Jumatatu ya tarehe ishirini na tatu fundi anakuja kuizungushia baraza vyuma, na Mama Seth ameambiwa ahame. Nilipopata habari nilikwenda mbio nikamwambia twende kwangu. Nilidhani atafurahi. Akaniuliza chumba ni cha nani. Nikamwambia kweli, ni cha kaka yangu. Akauliza kama umekubali, nikasema nitakueleza.

"Mwanangu," akasema, "kule Tudor nilibaki kwa neno la mtu ambaye nyumba haikuwa yake. Huyo kaka yako aseme mwenyewe."

Nimembembeleza, hataki. Mzee Sabir mwenye nyumba hana kipingamizi. Anasema mpangaji wa chumba kile ni wewe, uamuzi ni wako.

Najua utakayosema. Kwamba kitanda ni cha Kate na wewe. Kwamba hatumjui. Kwamba Desemba mkija nani atamtoa. Kaka, hilo la mwisho sina jibu lake, na linanitisha hata mimi. Huenda akaugua nikiwa kazini. Huenda akazeekea hapa. Siwezi kukuahidi kwamba ni kwa muda mfupi tu, kwa sababu sitaki kukudanganya. Na usiniambie nimlaze kwangu, maana mimi na Stacy tunabanana kitanda kimoja na binti ameshakuwa na miguu mirefu. Ninachojua ni kwamba niliyasema yale maneno marefu mbele yake, na ufunguo ulikuwa kwenye mkoba wangu.

Msalimie Kate, umweleze yote bila kupunguza, huenda akawa na moyo kukuzidi. Wasalimie pia wenzako wa nyumbani mnaokaa pamoja. Stacy anakusalimu mjomba wake, na Mama anakuombea kila siku. Mungu akulinde kazini na akupe usingizi, ambao mimi nimeukosa.

Jumapili tarehe ishirini na mbili, baada ya misa, Mama Seth atakuja hapa kunywa chai. Piga simu saa hiyo. Nitaipokea na kumpa yeye. Kama ni karibu, mwambie karibu. Na kama ni hapana, mwambie wewe mwenyewe, mimi sitakusemea.

Dada yako, anayekupenda hata utakapokasirika,

Jacinta