Kidole cha Baba

Jumatatu, 2 Septemba
Foleni ya malori ya mpakani imefika Mpemba. Kutwa nzima karatasi za forodha, chai kikombe kimoja. Nyumbani nimemkuta mwanangu Elisha na daftari la kipaimara. Jumapili ya tarehe 15 kila mtoto atasimama mbele ya kanisa aeleze jina lake na alivyolipata. Mwalimu kawaambia waulize wazazi. Nikamwambia nimechoka. Ni kweli nilichoka, ila siyo sababu.

Jumatano, 4 Septemba
Hakungoja. Amempigia bibi yake simu huko Ibaba, na mama yangu kamweleza yote. Kwetu mtoto akizaliwa, babu anafumba macho, anafungua Biblia, anaweka kidole. Jina lililo chini ya kidole ndilo la mtoto. Kama hapana jina, wanashuka hadi la kwanza. Ndivyo dada yangu alivyokuwa Zilpa na kaka yangu Medadi. Baba alikuwa akisema sisi hatuchagui, tunapokea. Imani ya nyumba yetu ndiyo hiyo, kwa kifupi.

Elisha ameandika ukurasa mzima. Mwisho kabisa: Mungu mwenyewe alinichagulia jina. Amepigia mstari kwa rula. Nimeona aibu.

Ijumaa, 6 Septemba
Niandike basi, hapa hakuna anayesoma.

Baba alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mimi ndiye niliyemsomea. Kidole kiliangukia Wafalme wa Pili, sura ya tano, pale nabii Elisha anapomuuliza mtumishi wake anatoka wapi. Mtumishi ni Gehazi. Kidole kilikaa juu ya Gehazi, wala hakikugusa neno la pembeni. Gehazi yule aliyekimbilia fedha na mavazi ya watu, akadanganya, akaondoka na ukoma, yeye na uzao wake. Mtoto alikuwa na siku tatu. Baba akauliza ni nani. Nikasema Elisha.

Alimshukuru Mungu hadi akalia. Alikufa akiamini hivyo.

Nilimkwepa mwongo kwa kusema uongo. Werevu wangu huo. Mpakani wananiita Baba Elisha. Madereva wa Zambia, Bashi Elisha. Miaka kumi na minne naitika.

Jumapili, 8 Septemba
Nimemwambia mke wangu baada ya ibada. Kwanza alicheka. Kisha akasema ningenyamaza tu, mtoto kapata kitu cha kujivunia nami nataka kumnyang'anya. Nikasema anakwenda kusimama madhabahuni na uongo wangu mdomoni. Akasema kama ni hivyo nifanye haraka, nisingoje Jumamosi. Tumenuniana.

Jumatano, 11 Septemba
Nimemwambia. Tulikuwa tunamwagilia chainizi nyuma ya nyumba. Sikuficha kitu. Alimwagilia palepale mpaka tuta likafurika. Akauliza swali moja.

"Kwa hiyo Mungu alitaka niwe Gehazi?"

Nilimpa nilichokuwa nacho. "Sijui Mungu alitaka nini. Mimi nilikutazama, nikakataa."

Akaingia ndani. Hakula.

Alhamisi, 12 Septemba
Nimemwita mara mbili, haitiki. Mama yake akimwita anakwenda. Jioni hakwenda kwenye mafundisho. Naogopa. Nikimpoteza kanisani, nimempoteza kwa mkono wangu mwenyewe.

Jumamosi, 14 Septemba
Mama amefika na jogoo na viazi. Kitenge kipya. Anajua mjukuu atasema nini kesho, amewasimulia abiria wote. Elisha kachana ule ukurasa. Atasema nini sijui. Sijamuuliza.

Jumapili, 15 Septemba
Alikuwa wa saba. Mikono mitupu. Nanukuu, nisije nikasahau: "Naitwa Elisha. Kidole cha babu kiliangukia Gehazi. Baba akasema hapana." Akaketi.

Kisha mzee mmoja wa kanisa akacheka, wengine wakafuata. Mchungaji akamwita wa nane. Mimi nililia, nikasingizia mafua. Mama hakucheka wala kulia. Mchana alikula bila kunitazama.

Ni usiku sana, usingizi hauji.

Jumatatu, 16 Septemba
Nimemsindikiza mama stendi, Elisha kabeba mfuko wake. Njiani mama alisema jambo moja tu, kwamba baba yangu angeumia sana. Nikakubali. Hakuna la kubishia hapo.

Kabla hajapanda gari alimvuta mjukuu, akamshika kichwa kwa mikono yote miwili, akamwombea kwa Kindali chetu. Ombi refu. Konda akaanza kulalamika, mama hakumsikia. Alimtaja kwa jina la Elisha mara tatu. Nilihesabu.