Wafula Hataki Kurudi Shule

Bungoma, Jumapili, 9 Januari 2005

Kesho shule zinafunguliwa na Wafula bado anakataa. Tangu mdogo wangu atahiriwe Agosti, anasema mwanaume hachapwi na mwalimu wa kike.

Leo Mama amembembeleza mpaka mwenyewe akalia. "Wafula, baba, maliza tu darasa la nane."

"Mama, mimi si mtoto. Ati nivae kaptura tena?"

Baba alipopiga simu kutoka Kitale, alicheka tu. "Mwache, amekomaa."

Mama akanigeukia. "Wewe wa vitabu, si umwambie kitu!"



Wafula akaichukua kaptura ya sare, akatoka nayo, akapangusia baiskeli aliyokodi ya kubebea abiria. Mama alikuwa ameipiga pasi asubuhi.