Dada, nilikusikia

Rumonge, Jumatano

Dada Mariamu,

Riziki amesema leo asubuhi, saa moja na nusu, akiwa amesimama mlangoni kwangu, kwamba hajanisamehe. Amesema kwa mdomo wake mwenyewe, akinitazama usoni. "Mujomba, sijakusamehe. Lakini nikikuwa na neno nitakuambia weye. Sitaambia ukuta." Halafu akaenda kuanika mihogo.

Hiyo ndiyo habari mpya. Nimeiweka mwanzo kwa sababu ndivyo nilivyozoea kazini, na kwa sababu wewe hukupenda watu wa kuzungukazunguka.

Leo ni siku ya thelathini na saba tangu mwanao Riziki afiwe na mama, nami nifiwe na dada. Jumamosi ni arobaini yako. Kabla ya hapo nataka kuandika mambo haya kwa mpangilio, hata yale unayoyajua, maana nimeripoti ugomvi wa watu wengine miaka ishirini na sita bila kuuandika wa kwetu hata mara moja.

Nianze na ukuta. Ulianzishwa na Mama. Baba alipomuudhi, Mama hakupiga kelele. Aligeukia ukuta wa jikoni na kusema, "Ukuta, mwambie mwenye nyumba chumvi iliisha jana." Baba akinywa chai yake pale pale, hatua tatu kutoka kwake. Sheria ya nyumba yetu ilikuwa fupi: aliyetajwa kwa jina lazima ajibu, asiyetajwa ana ruhusa ya kutosikia. Baba angeweza kutosikia wiki nzima. Hakuna aliyepigwa kwetu, hakuna aliyetukanwa, na majirani wa mtaani walitusifu kwa utulivu. Nakumbuka mama mmoja aliyetuletea dagaa akisema, "Hii nyumba iko na amahoro." Mimi na wewe tulitazamana. Siku hiyo wazazi wetu walikuwa na siku ya tisa bila kuitana jina.

Tulirithi. Wewe ulikuwa fundi kuliko sisi wote. Ukikosa ukuta ulitumia kuku. "Wewe kuku, iko mutu aliacha viatu njiani, mutoto atajikwaa." Tulicheka sana tulipokuwa wadogo. Hata mke wangu Asha, aliyetoka Bugarama kwenye nyumba ya watu wa kusema wazi, alicheka mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili aliacha kucheka.

Ugomvi wetu wa mwisho ulitokana na habari yangu ya mawese. Nilitangaza kwamba sokoni Rumonge kuna mawese yanayochanganywa. Sikutaja jina la mtu. Lakini wateja wako walijua wewe ni dada yangu, na wakaanza kuinusa kila chupa yako kabla ya kuinunua, wakisema kwa mzaha kwamba ndugu wa redio lazima anajua yaliyomo nyumbani. Ulikuja kwangu ukiwa na kitambaa cha kazi begani, mikono myekundu kwa mafuta. Uliniomba niseme hewani kwamba yako ni safi. Nilikujibu kwamba sikumtaja mtu, kwa hiyo sina cha kusahihisha. Kikazi nilikuwa sawa. Uliugeukia ukuta wa nyumba yangu na kusema, "Ukuta, nimesikia."

Miezi kumi na minne bila kuitana jina. Uwanja mmoja, bomba moja la maji, milango inayotazamana.

Sasa nafika pale ambapo mpaka juzijuzi hakuna mtu hai aliyejua isipokuwa mimi.

Ilikuwa Jumapili, saa mbili kasoro asubuhi. Maji ya ziwa yalikuwa yameingia kwenye nyumba za watu kule chini ufukweni na nilitakiwa kutuma habari kabla ya saa sita. Pikipiki ilikuwa uani. Ilikuwa na esansi, katika siku zile ambapo watu walipanga foleni stesheni ya mafuta tangu alfajiri. Nilikuwa nafuta kiti kwa kitambaa. Ulitoka ukashika nguzo ya baraza kwa mkono mmoja, mwingine uko tumboni. Hukuwa na rangi nzuri. Niliona. Ukaiambia nguzo, "Kama iko mutu hapa ana pikipiki, aambiwe tumbo inaniuma sana."

Hukunitaja jina.

Nilisimama, Dada. Nikuandikie ukweli wote: sikuondoka kwa haraka. Nilisimama kiasi cha kukunja kile kitambaa mara mbili. Nilikuwa nasubiri useme "Yusufu". Ungelisema, ningegeuka. Nadhani nawe ulikuwa unasubiri nigeuke, ndipo uniite. Halafu nikawasha, nikaenda ufukweni, nikamhoji mzee aliyekuwa anatoa magodoro yake majini, nikamuuliza kwa nini hakuhama mapema wakati alikuwa anayaona maji yanakuja.

Riziki alirudi kutoka sokoni baada ya alasiri na kukukuta sakafuni. Alikupeleka hospitali kwa baiskeli ya abiria, wewe umekaa nyuma ya yule kijana, Riziki anatembea pembeni amekushika mgongo usianguke. Njia nzima ya lami, watu wanatazama. Ulikufa Jumanne.

Daktari alisema ulipofika hospitali ugonjwa ulikuwa umeshasambaa tumboni. Nilikuwa nimesimama mbele yake na swali moja tu lilikuwa limebaki, swali ambalo hata mwanafunzi wa kazi yetu angeliuliza. Sikuliuliza. Nilirudi baada ya wiki mbili, nikaliuliza: angefikishwa asubuhi, ingekuwaje? Alisema, "Asubuhi ingekuwa afadhali kuliko jioni. Zaidi ya hapo siwezi kukuambia." Nimenakili jibu lake hivyo hivyo, sijaongeza wala kupunguza.

Kwenye matanga nilipokea mikono ya watu. Walisema tulikuwa ndugu wa kupigiwa mfano, hawajawahi kusikia sauti ikipanda kwetu. Nilishukuru, murakoze, murakoze, kwa kila mmoja.

Riziki hakuwa anajua, lakini alikuwa na hasira yake, na alikuwa nayo kwa haki. Tulipokunja mikeka tu alianza. "Ukuta, iko watu na pikipiki zao, dada yao anapelekwa kwa velo." Nilikuwa naosha uso kwenye bomba. Ruhusa ya kutosikia nilikuwa nayo. Niliendelea kuosha uso. Lakini yule mjukuu wako wa kike, Neema wa Riziki, ambaye hajafika miaka mitano, alimtazama mama yake, akanitazama mimi, kisha akaenda akasimama mbele ya ukuta na kuuambia ukuta kwamba ana kiu. Kikombe kilikuwa mkononi kwangu.

Hapo ndipo nilipoogopa. Msibani sikuogopa.

Miaka mitatu iliyopita nilikwenda Nyanza-Lac kuripoti kikundi cha wanawake, wenyeji na waliorudi kutoka Tanzania, waliogombania mipaka ya mashamba. Walifundishwa jambo moja. Kabla ya kumjibu mwenzako, unarudia alichosema mpaka akubali kwamba ndicho. Wawili walikuwa wanafanya hivyo mbele yangu, polepole, mmoja analia kwa hasira. "Umesema nilivuna kwenye mustari wako." "Hapana. Nimesema ulivuna ukiniona." Nilihariri kipande cha dakika tatu, nikaweka sauti za kuku mwanzoni, nikasahau. Baadaye nilirudi huko na redio kuonyesha mfano mwema, wakati nyumbani sikuwa nimekuita jina kwa miezi.

Nilijaribu na Riziki. Mara ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Nilikaa naye barazani na kuanza kumuuliza: lini ulianza kuona kwamba sikujali, unaweza kunipa mfano. Alinisikiliza kidogo, akasema, "Mujomba, zima hiyo redio." Akaingia ndani.

Mara ya pili sikuuliza. Nilisema, "Riziki, nimesikia unachouambia ukuta. Umesema mama yako alipelekwa kwa baiskeli na mimi nina pikipiki." Akajibu, "Sikusema hivyo. Nimesema ulikuwa hauko." Nikarudia: nilikuwa sipo. Akasema ndiyo, kisha akaendelea, na nilirudia yote, mengine mara tatu kwa sababu nilikuwa nayalainisha na yeye hakubali. Alisema sikuwahi kuingia mlangoni kwako miezi kumi na minne. Alisema nilipeleka salamu za Idi kwa kupitia Neema, kama mtu anayepeleka barua posta. Ilikuwa kazi ngumu kuliko mahojiano yoyote niliyofanya, na nimewahi kuhoji watu wenye bunduki.

Halafu aliniambia jambo ambalo wewe hukutaka nilijue. Alisema kila saa saba mchana, habari zikianza, ulifungulia redio na kuongea nayo. Ulisikia sauti yangu na kuiambia, "Leo uko na mafua. Kunywa kitu ya moto." Au nikikosea jina la kijiji, "Si hivyo, weye. Rudia." Ukinisahihisha nusu saa nzima huku unakamua mawese. Mara moja nilikwenda mikoani siku nne, na mwenzangu akasoma habari badala yangu. Ulimwambia Riziki aulize kwa Asha, kwa ujanja, bila kutaja ni wewe, kama nimekufa.

Mimi upande wangu nilikuwa nanusa mafuta yako asubuhi nikijua kwamba umeamka mzima. Hayo ndiyo mawasiliano yetu. Redio na harufu.

Baada ya hapo sikuwa na haki ya kumwacha aendelee kuamini kwamba sikuwapo. Nikamwambia. "Riziki, nilikuwapo. Nilikuwa uani. Nilimsikia mama yako, na nikaenda." Kwa mazoea nilingoja arudie. Hakurudia. Aliinuka, akamshika Neema mkono, na kwa siku nne hakuniambia neno mimi wala ukuta. Nyumba ilikuwa kimya kwa namna ambayo hata sisi hatukuwahi kuifikia. Asha aliniuliza nimefanya nini, nikamwambia na yeye. Akasema, "Mimi ningekuita, Yusufu. Mimi ningekuita hata kama nakuchukia." Najua, nikamwambia.

Ndipo leo asubuhi Riziki akaja mlangoni.

Sitaki uone kwamba mambo yametengemaa. Hayajatengemaa. Riziki hali chakula kwangu, na Neema akija kwetu anaitwa arudi, ingawa leo ameitwa kwa jina, na mimi nimeambiwa sababu: "Sitaki akae kwako leo, Mujomba, roho yangu inauma." Nimeitikia. Na jana mimi mwenyewe nilisahau. Nilikuwa nimeudhika na kuuambia ukuta kwamba chai imechelewa, na Asha akajibu kutoka jikoni, "Ngoja basi, ukuta unapuliza moto." Nilimwita jina, nikaomba chai upya kama mtu anayejifunza kusema. Nina miaka hamsini na mbili.

Ile habari ya mawese niliifungua tena. Nilienda sokoni, nikakaa na wauzaji siku mbili, na Jumatatu nilisema hewani kwamba wakati ule nilipaswa kueleza tulikuta mchanganyiko kwa nani na hatukuukuta kwa nani, na kwamba mawese ya Mariamu binti Saidi yalikuwa safi. Sentensi moja, sekunde kumi na mbili. Mhariri aliniuliza ya nini sasa, mtu mwenyewe amekwisha kufa.

Riziki alinipa sharti kabla hajaondoka mlangoni, na hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Mwanao Hamisi bado hajui. Unaujua mkono wake ulivyo mwepesi wa kupiga, na unajua alivyokupenda. Riziki amesema hatamwambia, wala hatanisaidia kumwambia. "Utasema weye, mbele ya watu, Hamisi akiwa palepale. Na akikufukuza hapa, utakwenda." Nilirudia maneno yake yote, hata lile la mwisho. Akasema ndiyo, ni hivyo.

Asha ameanza kupanga nguo kwenye sanduku, kimyakimya, bila kuniuliza. Nilimwuliza kwa jina kama anaogopa. Amesema ndiyo.

Dada, sikuombi unisamehe. Kwako siwezi tena kurudia ulichosema mpaka ukubali ndicho; nimebaki na nguzo tu ya kuiuliza. Nakuahidi kwamba Neema hatalelewa na ukuta, niwe hapa au niwe nimepanga chumba kwingine. Nikimkosea nitamwita. Akinikosea nitamwita. Mungu akurehemu, akupe nafasi, na akuondolee lile tumbo.

Hamisi anafika Ijumaa jioni kwa basi dogo la kutoka Bujumbura. Kisomo chako ni Jumamosi, baada ya swala ya adhuhuri, hapa hapa uani. Nimemwomba shekhe nizungumze kabla ya chakula, ili asiyetaka kula pamoja nami apate nafasi ya kuondoka.

Ndugu yako,
Yusufu