Fatma na Vyungu vya Chumvi

Binti yangu Fatma ameopoa vyombo vya kupikia chumvi vya watu wa kale, chini ya maji hapa Dabaso! Haya sasa, salaam aleikum mdogo wangu Zuhura. Si wewe uliyesema mtoto wa kike akizamia atarudi na homa? Amerudi na vyungu.

Balaa nililileta mimi. Aliviacha uani na masizi yake, nami sikuweza kuvumilia aibu hiyo. Nikavisugua kwa jivu na kumbi la nazi mpaka vikang'aa. Profesa wake wa chuo, anayemsimamia kuzamia, akaja, akashika kichwa.

"Mama, masizi ndiyo yaliyoonyesha vilikaa motoni!"

Akamwambia Fatma afunge virago.

"Ngoja, baba," nikasema. "Hiki kimoja sijakigusa, adhana ya adhuhuri ilinikatiza. Na haya madonge ya udongo mliyoyaopoa pamoja navyo?"

Akasema hayo mwezi mzima hawajui ni ya nini. Nilicheka!

"Mafiga hayo. Chungu hukaa juu, maji ya chumvi yachemke mpaka yakauke. Bibi yetu alipika hivyo hivyo kwetu Faza."

Zuhura, profesa mzima alikaa mkekani akaandika maneno yangu! Fatma akaambiwa arudi majini.

Sasa vyungu vitawekwa mezani hapa Dabaso watu watazame, na mimi ndiye nitakayewaeleza. Nisalimie mama, wabusu watoto. Njooni nyote, ila makumbi ya nazi msilete, nimeshakatazwa. Ni Jumamosi ya kwanza baada ya Idi.