Zile Nyuzi Ulizozikata

Chumba cha juu, nyuma ya duka la viatu
Jumapili, tarehe 14

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima, na kikohozi cha vumbi la mawe kimekupa nafasi ya kupumua. Sisi hatujambo, ila macho ya Mama yanazidi kufifia. Siku hizi kikombe anakijua kwa kupapasa. Daktari anasema upasuaji ukichelewa, basi tena. Cherehani yangu inanilisha, usinijali.

Sasa niseme, maana nikinyamaza nitapasuka. Lile jiwe la kijani alilotuachia Baba, tulilolitunza kwa ajili ya macho ya Mama, ulilitazama kwa lenzi pale mezani kwetu ukacheka. "Dada, hii chupa tu. Ona uchafu uliojaa ndani! Nipe nikafanyie mazoezi ya kukata." Nikakupa kwa mikono miwili, na chai nikakumiminia. Fundi wa vito ni wewe, mimi nani nibishe?

Kabla sijakupa, ulipokwenda kunawa, nililipiga picha kwa simu kupitia lenzi yako. Nilipenda tu zile nyuzi za dhahabu ndani yake, zimetawanyika kama mkia wa farasi. Juzi nilikwenda kumpunguzia gauni yule mama mthamini wa vito, aliyekufundisha kazi, nikamwonyesha picha katika porojo zetu.

Weee! Alikaa chini na pini zote mabegani. Akaniambia chupa huwa na mapovu ya duara, na hapa hapana hata moja. Hii ni ganeti ya kijani, aina isiyopatikana ovyo, na nyuzi hizo ndizo zinazoitambulisha. Mawe mengine hushuka thamani yakiwa na vitu ndani. Hili hupanda.

Kisha akafungua daftari lake. Mwezi uliopita ulimpelekea jiwe dogo la kijani lenye ncha za nyuzi zilizobaki pembeni, ukijisifu kwamba umelisafisha. Alikuambia umekata kilekile wanunuzi wanachokitafuta. Ukatoka bila kuaga, na wiki hiyohiyo ukahama mji.

Kwa hiyo ulijua si chupa. Ulijua palepale, huku unakunywa chai yangu. Halafu ukalikata kwa pupa bila kumwuliza mwalimu wako, kwani mwenye kuficha atamwuliza nani?

Umeniumiza, tena sana. Angekuwa mtu baki ningemtukana yakaisha. Wewe nimekubeba mgongoni, nimekufuta kamasi, na ukaniangalia usoni ukanidanganya.

Lete kilichobaki. Kama hakitoshi macho mawili, huenda kikatosha moja. Usinitumie maelezo, sitayasoma.

Wasalimie wifi yangu na yule mtoto wenu Bonge, wao hawana kosa. Mama naye anakusalimu sana. Sijamwambia kitu, nimeshindwa. Kila siku anakuombea mkono wako usitetemeke kazini. Na amenituma nikuandikie kwamba siku ya upasuaji lazima uwepo, maana bandeji ikifunguliwa anataka mtu wa kwanza kumwona awe wewe.

Mungu akulainishe moyo kabla hujaichana barua hii.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda bado, na hilo ndilo linaloniudhi.