Mkoromo wa Obokano

Ijumaa, Desemba 1998

Nimejiaibisha, lakini siku imeisha vizuri. Asubuhi nilimrudishia mwenye duka spika mpya za kompyuta, nikamwambia kwa ukali kwamba zimepasuka, zinakoroma nikicheza kaseti ya baba. Akaweka CD yake, zikaimba safi kabisa.

"Spika iko sawa, bwana. Kaseti yako ndiyo iko na shida."

Nikarudi nyumbani nimenuna. Nikacheza tena ile kaseti niliyoinakili kwenye kompyuta, marehemu baba akipiga nyuzi za obokano yake. Mama akatoka jikoni akicheka.

"Hiyo ndiyo sauti yake! Umesahau ilivyokuwa ikikoroma mpaka vikombe vinatetemeka kabatini?"

Kweli nilisahau. Miaka yote hii tumemsikia kwa redio kaseti ndogo ya betri, sauti nyembamba kama ya mbu. Nikadhani ndivyo alivyokuwa akipiga.

Mama akaketi, tukasikiliza. Kabla ya wimbo wa pili baba akakohoa, kikohozi chake kile kile, kama yuko hapa kwenye kochi.

"Ngoja nimletee maji," mama akasema, akainuka.

Alikuwa ameshashika kikombe alipokumbuka.